Ombi Liko Mezani

Gari la shirika la umeme lilisimama mbele ya nyumba ya seremala saa tatu asubuhi, siku ambayo mayai yalitimiza siku kumi na nane ndani ya mashine. Zilibaki siku tatu. Mke wa seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, alikuwa amemaliza kuyamulika moja moja kwa tochi. Yaliyokufa aliyatoa, na mazima akayalaza kwenye trei za kuangulia, ambako mayai hayageuzwi tena. Alihesabu mazima mia nne na sitini. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kupata mengi namna ile.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la mbao lililotengenezwa na mumewe, lenye balbu nne, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na kidhibiti joto kilichonunuliwa kwa malipo ya vitanda viwili. Lilijaza sebule hata viti vikahamia uani. Mayai hayakuwa ya kwao. Yaliletwa na majirani kumi na mmoja, kila mmoja na alama yake ya penseli juu ya ganda: huyu msalaba, yule duara, mwingine mistari miwili. Hakuna aliyeandikiana na mwenzake. Makubaliano yalikuwa kwamba katika kila vifaranga vitatu kimoja ni cha mwenye mashine, na ganda ndilo shahidi. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo, na hakuna aliyewahi kumdai mwenzake vibaya.

Alipomwona Koleo akishuka garini na ngazi yake, Mama Vifaranga alipumua. Koleo alikuwa fundi wa nguzo wa shirika, na ndiye aliyewavutia waya Jumapili moja, akiwa amevaa nguo za nyumbani. Kila mwisho wa mwezi alipita kuchukua bahasha yake, akakaa, akala kilichokuwepo, akamjulia hali Bibi aliyekuwa mgonjwa chumbani. Siku zote alimwita Mama Vifaranga shemeji. Siku hiyo hakumwita kitu.

Aliyekuja mbele alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye kitambulisho kifuani na orodha mkononi. Alisalimia vizuri, akaomba namba ya mita.

Mama Vifaranga akamweleza kwamba mita hawana bado, ombi liko mezani. Aliingia ndani akatoka na karatasi aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni, yenye mhuri na namba ya kumbukumbu. Aliitoa kwa fahari kidogo, kwa maana si watu wengi mtaani waliokuwa na karatasi kama ile. Dada afisa aliisoma, akailinganisha na orodha yake, akaisoma tena.

"Mama, hapa panaonyesha mliomba miaka miwili na miezi miwili iliyopita, na hamjaunganishiwa."

"Ndiyo, dada. Kila tukija tunaambiwa nguzo hazijafika."

"Sasa hiyo feni inayonguruma ndani inatumia umeme wa nani?"

Nyumba ya kushoto na nyumba ya kulia zilikuwa zinakula waya uleule wa Koleo, na redio ya mmoja wao ilisikika wazi pale walipokuwa wamesimama. Lakini wale hawakuwahi kuomba. Hawakuwa na karatasi wala namba, na kwa hiyo hawakuwemo kwenye orodha. Afisa wala hakugeuza kichwa upande wa redio.

Swali lililofuata lilikuwa nani aliyewaunganishia. Koleo alikuwa ameshafika juu ya ngazi, amewapa mgongo, na mkono wake wenye koleo ulisimama hewani. Mama Vifaranga alimtazama visigino. Aliwaza kwamba akimtaja, hakuna fundi yeyote atakayekanyaga tena uani kwake. Akimficha, huenda jioni hiyohiyo mtu huyu akarudi na ngazi ileile.

"Fundi wa kupita tu," alisema.

Afisa aliandika: fundi asiyejulikana. Mkono wa Koleo ukaendelea na kazi. Feni ndani ilipunguza mwendo, ikazunguka taratibu mara chache, ikasimama.

Mama Vifaranga aliomba siku tatu. Hakuomba kusamehewa, aliomba wakate Ijumaa badala ya Jumanne, na faini waandike kubwa wapendavyo. Alimshika afisa mkono akamwingiza sebuleni, akamfungulia mlango wa kabati. Yule dada aliweka kiganja juu ya trei akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba yana joto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miezi minne kazini, hakuwahi kupokea bahasha ya mtu, na aliamini kwamba nchi inaharibiwa na watu wa njia za mkato. Lakini fomu yake ilikuwa na visanduku viwili tu, umekatwa na haujakatwa, na cha tatu hakikuwepo. Alitia alama, akampa Mama Vifaranga nakala, akamwambia mwenye nyumba afike ofisini kesho saa mbili. Koleo alikuwa ameukunja waya wote, mita thelathini na kitu, akautupa nyuma ya gari kuwa kielelezo.

*

Mayai ya siku kumi na nane hayafi mara moja. Yana joto lake, na ukiyafunika vizuri yanaweza kuvumilia saa kadhaa. Mama Vifaranga alilijua hilo, kwa hiyo hakukaa chini kulia. Aliwasha jiko la mkaa, akachemsha maji, akajaza madumu madogo na kuyapanga chini ya kabati. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi thelathini na tatu. Kikapanda polepole, thelathini na tano, thelathini na sita. Lakini madumu yalipoa upesi, na mkaa uliokuwepo usingefika hata jioni. Mumewe alikuwa karakana ya watu upande wa pili wa mji na simu yake haikupatikana.

Saa saba, saa ambayo Koleo hurudi kwake kula, aliamua kumfuata. Alisukuma jiko lenyewe chini ya kabati, akaacha mlango wazi vidole viwili ili hewa ipite, akaingia chumbani kwa Bibi kuaga. Bibi alikuwa mama mzazi wa seremala. Alivunjika nyonga mwaka juzi na tangu siku hiyo hakusimama.

Mama Vifaranga alimwomba asikilize, akihisi moshi au harufu aite majirani.

"Nitaita," Bibi alisema. "Wasipokuja nitaruka dirishani."

Nyumbani kwa Koleo alipokewa na mkewe, akawekewa kiti uani, kivulini. Kupitia pazia alimwona Koleo akila. Alimaliza, akanawa, akaongezewa chai. Akasikiliza habari redioni hadi mwisho, hata zile za michezo. Mama Vifaranga alikohoa mara mbili, mara ya pili kwa nguvu. Mke wa Koleo alikuja na glasi ya maji, akasema mzee anakuja sasa hivi. Ilipita saa nzima, na robo tatu ya saa ya pili.

Koleo hakuwa akijifurahisha. Alikuwa akitafuta la kusema. Meneja mpya alitaka kila kikosi kilete nyumba kumi za wezi wa umeme kwa wiki, na Koleo peke yake alikuwa amewaunganishia watu zaidi ya arobaini. Alipoambiwa achangie majina, alifungua kabati la maombi yaliyosubiri nguzo, akachomoa mafaili ya wateja wake mwenyewe. Kesi zao zilikuwa rahisi, kwa kuwa karatasi ilijitosheleza: ameomba, hajapewa, umeme anao. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema hata kimoyomoyo. Wenye mafaili ndio ambao siku moja nguzo zingewafikia, na siku hiyo wangeacha kumpa bahasha. Wasio na faili wangekuwa wake maisha yao yote.

Alipotoka alishika mikono ya Mama Vifaranga yote miwili.

"Shemeji, leo umenisitiri. Sitalisahau."

"Basi nirudishie jioni. Siku tatu tu."

"Jioni hii hapana. Wiki mbili, mambo yapoe, nitakuja mwenyewe."

"Mayai hayana wiki mbili."

"Najua. Hata mimi chakula hakikupita." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti mbili zilizokunjwa, akamtia kiganjani. "Kanunue mkaa."

Mama Vifaranga alizitazama. Zilikuwa kama robo ya kile alichompa yeye kila mwezi. Alizipokea, akasema asante, na njiani alijishangaa kwamba aliinama kidogo alipokuwa akisema.

Alimsikia Bibi kabla hajafika mlangoni. Sauti ilikuwa imekauka, ilikuwa ikiita tu jina lake bila kupumzika, jinsi mtu anavyoita akiwa ameacha kutarajia jibu. Upepo ulikuwa umegeuka na kulichochea jiko. Kipimajoto kilisoma arobaini na nne. Alivuta jiko kwa mikono, akaungua, akafungua milango yote, akapepea kwa kanga. Kisha alichukua yai moja la trei ya juu, akalimulika, hakuona kitu kinachotikisika. Akalivunja. Ndani mlikuwa na kifaranga kilichokamilika, manyoya, kucha, mdomo wenye ile nundu ndogo ya kuvunjia ganda, shingo imelegea. Akavunja la trei ya pili, na la tatu. Joto lilikuwa limepanda juu; trei mbili za chini tu ndizo zilizopona.

Alihesabu. Mia na sitini na tisa.

*

Seremala aliporudi jioni alielezwa yote huku akivua viatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote karakanani, na hasira zake zilikuwa za kunyamaza. Alikaa juu ya ndoo uani na kiatu kimoja mkononi, akauliza tu kwa nini hakumtaja Koleo. Mkewe akamuuliza angemtaja yeye? Akaweka kiatu chini.

Wazo la kitanda lilitoka kwa Bibi. Aliwasikia wakibishana juu ya mkaa utakaohitajika, akaita kutoka chumbani.

"Nileteeni hapa hayo mayai. Mimi nina kazi gani nyingine?"

Seremala alisema haifai, mama mzazi si kuku. Bibi akamwambia kwamba yeye mwenyewe alitotolewa na mwili huohuo, wala hakuna aliyeona aibu. Basi walitandika blanketi, wakayapanga mayai kumzunguka: makwapani, ubavuni, kati ya miguu, tumboni. Juu wakafunika blanketi mbili na koti la seremala. Bibi aliambiwa asigeuke. Akasema tangu avunjike hakuna aliyewahi kumwomba jambo jepesi kama hilo. Mama Vifaranga alikaa kwenye kigoda na kipimajoto, akikiingiza chini ya blanketi kila baada ya muda. Kilisoma thelathini na sita na kitu. Walipokezana hivyo hadi asubuhi.

*

Saa mbili seremala alikuwa ofisini, amevaa shati la sikukuu. Aliambiwa avue kofia. Alisubiri hadi saa tano kwenye benchi lililo chini ya tangazo lililoandikwa kwamba shirika linamthamini mjasiriamali mdogo.

Dada afisa alimweleza taratibu, bila kumfokea. Faini ilikuwa sawa na ujira wake wa miezi saba, naye angeruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Ombi lao la zamani lilikuwa limeingia doa, kwa hiyo lingesimama hadi faini iishe, kisha lingeanza upya mwisho wa foleni. Seremala aliuliza kama kuna utaratibu wowote wa kupewa umeme wa muda, hata kwa siku mbili, kwa bei yoyote. Afisa alisema upo. Upo kwa ajili ya sherehe na ujenzi, na mwombaji anatakiwa awe na leseni ya biashara, na leseni hutolewa kwa mwenye mita. Alipokuwa akilisema hilo alisita, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akatafuta karatasi nyeupe.

Karatasi ilikuwa ya kukiri. Seremala alitaka kuandika kwamba alitumia umeme bila kibali kwa sababu alisubiri sana. Akaambiwa sababu haziandikwi. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri, wa kulala kidogo upande wa kulia, kwamba yeye ni mwizi wa umeme, hatarudia, na anaomba radhi. Karani mmoja aliyepita nyuma yake alizisifu herufi. Halafu akasimamishwa ukutani na ubao wenye namba kifuani akapigwa picha, kwa maana meneja mpya alitaka picha za wezi zibandikwe pale mlangoni ambapo wateja huingilia. Koleo alikuwepo. Alikuwa amekaa dirishani akichonga kijiti cha kuchokolea meno, na seremala alipokuwa akitoka alimwambia pole, kaka, jikaze.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Duka katikati ya sebule. Mama Duka alikuwa na duka la kona, friji na mita halali, na ndiye aliyekuwa ameleta mayai mengi kuliko wote, yenye alama ya msalaba. Mama Vifaranga alikuwa ameshamwomba waya wa kuvuka uchochoro tu, hadi Ijumaa. Mama Duka alikataa. Alisema kumpa jirani umeme nako ni kosa, na siku hizi wakaguzi wanatembea. Yeye alikuja kwa ajili ya misalaba yake.

"Ukiyatoa sasa yatakufa," Mama Vifaranga alimwambia. "Kitandani yana nafuu."

"Yafie kwangu basi. Mimi sikukukabidhi mayai ulaze na mgonjwa."

Aliingia chumbani mwenyewe. Alifunua blanketi, akamsalimia Bibi shikamoo huku akipapasa, akayatoa mayai yake ya msalaba moja moja kutoka ubavuni na kati ya miguu ya mama wa watu, akayaweka kwenye beseni. Bibi aliitazama dari. Yalikuwa thelathini na manne. Mama Duka aliyapeleka akayaweka juu ya friji, penye uvuguvugu, akayafunika na taulo. Hakuna hata moja lililopona. Lakini habari ilienea kabla hayajafa, na kufikia jioni majirani wengine watatu walikuwa wamekuja na mabeseni.

Walibaki na mayai tisini na moja.

*

Alhamisi mchana mayai yalianza kugonga.

Kifaranga akitaka kutoka hugonga ganda kwa ndani, taratibu, anapumzika, anagonga tena. Kwenye mashine sauti hiyo humezwa na feni. Bibi aliisikia kwa mifupa. Alikuwa hajageuka kwa siku mbili, ngozi ya mgongo imeanza kuuma vibaya, na haja ndogo alisaidiwa kwa kuinuliwa kidogo na wote wawili kana kwamba amelala juu ya vioo. Lakini sauti za kugonga zilimchangamsha. Aliwaeleza walipo. Mmoja yuko kwapani, ana nguvu, huyu atakuwa jogoo. Wawili wako hapa chini ya titi wanajibizana. Yupo mmoja nyongani, palepale palipovunjika.

Mama Vifaranga alinyunyiza maji ya uvuguvugu kwenye kitambaa, maana ganda likikauka kifaranga hunata ndani na hawezi kugeuka. Wala maji hayakutosha wala joto halikutosha. Ijumaa asubuhi Bibi alisema yule wa kwapani amenyamaza. Baadaye kidogo akasema na mmoja wa wale wawili amenyamaza, mwenzake bado anamwita. Alisema haya kwa sauti ya kawaida, macho yake darini. Mama Vifaranga alifunua, akaona yai lenye tundu dogo na ncha ya mdomo nje, haitikisiki. Alitaka kulitoa.

"Muache," Bibi alisema. "Labda amepumzika."

Hakuwa amepumzika. Siku ile yote Bibi aliendelea kuwataja walionyamaza, mmoja mmoja, hadi mwanawe akamwomba kwa adabu asiwe anasema. Akaacha kusema. Lakini kila mmoja aliponyamaza alifumba macho kidogo, nao wakajua.

Waliotoka wazima walikuwa ishirini na sita.

*

Jumamosi majirani walikuja kuchukua vyao. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ganda halikuwa shahidi tena. Chini ya blanketi maganda yalikuwa yamesagika, na alama za penseli zimefutika kwa jasho la Bibi. Kila mtu alikitambua chake kwa rangi, kwa ukubwa, kwa macho. Mama Duka naye alikuja. Alisema kama angeyaacha yake yangekuwa miongoni mwa hawa, kwa hiyo ana haki. Walibishana uani, kwenye viti vya sebuleni, karibu nusu siku. Mara ya kwanza waliitana jirani, mara ya pili wakaanza kuitana wewe.

Mama Vifaranga alikumbusha kwa sauti ndogo juu ya kimoja katika vitatu. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alisema kwamba haki hiyo ilikuwa ya mashine. Mashine haikuangua kitu safari hii.

"Nani kaangua?" aliuliza Mama Vifaranga.

"Bibi," alisema mzee. "Na Bibi hatukukubaliana naye."

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya. Vifaranga ishirini na sita viliondoka kwenye maboksi ya viatu. Mama Vifaranga alirudi chumbani kumgeuza Bibi, akakuta mgongoni kidonda chenye upana wa kiganja.

*

Koleo hakungoja wiki mbili. Alikuja Jumapili, bila ngazi, na dawa ya kidonda aliyoinunua kwa hela yake. Alimsalimia Bibi, akakaa, akasema kwamba amefikiri sana juu ya hali yao. Waya anao. Anaweza kuupitisha nyuma, chini ya ardhi, wala mtu hataona. Bahasha ingepanda kidogo, kwa sababu hatari nayo imepanda. Kulikuwa na sharti moja.

"Lile faili lazima life," alisema. "Mkiwa na faili, mtatafutwa kila orodha ikitengenezwa. Andikeni barua kwamba ombi mmelifuta. Biashara hamna, umeme hamuhitaji."

"Na nguzo zikifika?" aliuliza seremala.

"Kaka, nguzo zipi?"

Walitazamana mume na mke. Mama Vifaranga alikuwa na kiganja kilichofungwa kitambaa na hakuweza kushika kalamu. Alisema tu, "Andika." Seremala aliandika. Koleo alisoma begani kwake, akasahihisha neno moja.

Jumatatu seremala aliipeleka. Alipita mlangoni bila kuangalia ukuta wa picha, akaipata meza ya yule dada. Dada aliisoma, akamuuliza kama ni kweli biashara wameifunga. Seremala alisema ni kweli. Afisa alionekana kufarijika. Alimweleza kwamba wengi huacha maombi yao yakae tu bila kuja kuyafuta, na ofisi inaonekana haifanyi kazi. Aligonga mhuri, akachora mstari kwa rula juu ya jina lao kwenye daftari kubwa, akamshukuru kwa uungwana wake. Faini, alimkumbusha, inabaki palepale. Seremala alishukuru pia.

Jumanne umeme ulirudi. Koleo aliwaonya waweke gunia dirishani ili mwanga usionekane barabarani. Balbu nne ziliwaka, feni ikanguruma, na kabla ya adhuhuri kipimajoto kilikuwa kwenye thelathini na saba na nusu, sawasawa kabisa. Mama Vifaranga alitoka na kapu. Alikwenda nyumba zote kumi na moja. Hakuna aliyemfukuza. Mmoja alisema kuku wake wamepunguza kutaga, mwingine alisema ngoja kwanza aone. Mama Duka alimwuliza kupitia dirisha la duka kama umeme wa safari hii wameulipia.

Alirudi na kapu likiwa tupu, akaketi mbele ya mashine. Mumewe alisema bora waizime, inakula tu bure. Mama Vifaranga aliifungua, akapangusa trei ambazo zilikuwa safi, akaifunga.

"Safari hii yako mangapi?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

Mama Vifaranga alisema yako ya kutosha.

"Alhamdulillahi," alisema Bibi. Akaomba ageuziwe ukutani, upande usio na kidonda, apate usingizi.